Mbwa au Paka Amepungukiwa Damu: Sindano ya Vitamini, Kipimo, au Kuongezewa Damu?

Ombi linalosikika kila mara kwenye kliniki ya mifugo, mbwa akiwa amelala tu na chakula hakitaki, ni hili: "Daktari, naomba umchome ile ya kuongeza damu." Ni ombi la mtu anayempenda mnyama wake na yuko tayari kulipa. Shida ni kwamba chupa inayoitwa hivyo, ambayo mara nyingi ni vitamini B pamoja na madini ya chuma, haina la kufanya kwa mbwa ambaye damu yake inavunjwa na vimelea walioletwa na kupe. Siku tatu nne zinapita mwenye mbwa akisubiri sindano ifanye kazi, na mbwa anazidi kudhoofu. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu mwenye pesa za jambo moja au mawili, anayetaka kujua aanzie wapi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mbwa na paka wa huku Afrika Mashariki, pesa ya kwanza iende kwenye kipimo cha damu, hata kama ni kile kidogo kabisa. Zipo hali mbili zinazovunja utaratibu huo, nazo nitazitaja zinapofika.

Upungufu wa damu wenyewe ni matokeo, na nyuma yake daima kuna ugonjwa au tatizo jingine. Damu huenda kwa njia tatu: inavuja (jeraha, minyoo, viroboto, kupe wengi), inavunjwa humo humo mwilini (vimelea, sumu, kinga ya mwili kugeuka na kuishambulia), au haitengenezwi ya kutosha (figo mbovu, uboho wa mifupa ulioathirika). Dawa inayomponya mmoja inaweza isimsaidie chochote mwingine, hata kama wote wawili wana fizi nyeupe.

Anza na fizi, kabla hujatoka nyumbani

Mpeleke mnyama kwenye mwanga wa mchana, umnyanyue mdomo wa juu pembeni. Fizi ya mbwa mzima ina rangi ya waridi iliyokolea kidogo. Ibonyeze kwa kidole mpaka iwe nyeupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengi wetu wana fizi zenye weusi wa asili. Kwa hao vuta kope ya chini uangalie utando wa ndani, au ulimi.

Kwa paka ni vigumu zaidi. Fizi zake ni nyepesi hata akiwa mzima, kwa hiyo kama una paka wawili, waangalie wote wawili kwa wakati mmoja. Tena paka ni msiri wa maradhi. Damu ikipungua polepole hupunguza kuruka, hulala zaidi, hulamba udongo au ukuta, na watu husema "amezeeka tu". Mbwa huonyesha mapema: anachoka njiani, anabaki nyuma, anahema bila kukimbia.

Rangi nayo inasema kitu. Weupe mtupu huelekeza kwenye kuvuja. Weupe wenye unjano huelekeza kwenye kuvunjwa. Kahawia kama kakao, hasa kwa paka, ni dalili ya sumu, na hapo hakuna kusubiri kesho.

Hii ndiyo hali ya kwanza inayovunja utaratibu: fizi nyeupe kama karatasi, mnyama anahema haraka akiwa amelala, hawezi kusimama. Huyo apelekwe saa hiyo hiyo, na usimbebe kwa kumbana kifua. Mengine yote yataamuliwa huko.

Sindano ya vitamini na chuma, au kipimo?

Nianze na haki ya sindano. Inafaa pale damu imevuja polepole kwa muda mrefu, maana chuma hutoka mwilini pamoja na damu. Mbwa mwenye safura (minyoo inayonyonya damu utumboni) ya muda mrefu, au aliyeishi miezi akinyonywa na viroboto na kupe, anaweza kuwa kweli amepungukiwa chuma, na akipewa pamoja na dawa ya minyoo na ya kupe atapona haraka zaidi. Lakini damu inapovunjwa ndani ya mwili, chuma chake hakipotei. Mwili hukikusanya na kukitumia tena, na kuongeza kingine hakujazi pengo lolote. Figo zikiwa zimechoka hazitoi ile homoni inayouamuru uboho utengeneze damu, na hapo chuma peke yake hakiwezi kuifanya kazi ya homoni.

Maini, nyama na mayai ni chakula kizuri kwa mgonjwa, nami nawahimiza watu wavitoe kwa kiasi. Juisi ya bitiruti nyekundu inayopendekezwa mtaani haina nafasi hapa.

Sasa kipimo. Cha bei nafuu kabisa kinahitaji damu ndogo tu. Damu hiyo huingizwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, ambao huzibwa upande mmoja na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine kwa dakika chache. Unapotoka, umejigawa: chembe nyekundu chini, mstari mwembamba mweupe katikati, majimaji juu. Daktari anapima sehemu nyekundu ni asilimia ngapi ya urefu wote. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 hivi, paka kati ya 25 na 45. Kisha anaangalia yale majimaji ya juu. Yakiwa maangavu au na unjano hafifu sana na namba iko chini, tafuta mahali damu inapovujia au sababu ya kutotengenezwa. Yakiwa manjano yaliyokolea au mekundu, damu inavunjwa. Mrija huo mmoja umekupa jibu la "kiasi gani" na nusu ya jibu la "kwa nini".

Nusu iliyobaki iko kwenye kioo cha hadubini. Tone hupakwa, hutiwa rangi, huangaliwa. Ukishuku babesia, kimelea cha kupe kinachoingia kwenye chembe nyekundu, mwombe daktari atoe tone hilo kwenye ncha ya sikio, kwa sababu vimelea hao huonekana kwa urahisi zaidi kwenye damu ya mishipa midogo. Kipimo cha haraka cha kasha, kile chenye mistari, kinasaidia kwa erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe, lakini kina mipaka: kinatafuta askari wa mwili (kingamwili) wanaopambana na kimelea, na si kimelea chenyewe. Mbwa aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonyesha hana, na aliyetibiwa akapona anaweza kuonyesha anayo miezi mingi baadaye. Kama pesa inatosha kimoja tu, mimi nachagua mrija na kioo.

Hali ya pili inayovunja utaratibu ni vitoto. Mtoto wa mbwa wa wiki tatu mwenye fizi nyeupe na kinyesi cheusi cha kunata ana safura mpaka ithibitike vinginevyo. Minyoo hiyo hupitia kwenye maziwa ya mama, na inaweza kumnyonya damu hadi kumwua kabla mayai yake hayajaanza kuonekana kwenye kinyesi, kwa hiyo choo kupimwa kikakutwa safi hakumwondoi hatarini. Mpe dawa ya minyoo ya pairanteli siku hiyo kwa kipimo cha uzito wake, mrudishie kila baada ya wiki mbili, na mama yake pia apewe. Kitoto cha paka chenye viroboto wengi ni dharura ya namna hiyo hiyo. Damu yake yote ni kidogo mno. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mkaushe kabisa asipate baridi, ndipo umpeleke kliniki.

Doksisaiklini au imidokabu?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mbwa huku wakiwa wamelipia dawa. Majina yote mawili yanazunguka mtaani kama "dawa ya ugonjwa wa kupe", kana kwamba ugonjwa wa kupe ni mmoja. Kwa mbwa wetu ni angalau miwili, na mara nyingi huja pamoja.

Erlikia huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayepanda ukutani. Huingia kwenye chembe nyeupe, kisha chembe za kugandisha damu hupungua, na baadaye uboho wenyewe unaweza kuchoka. Ugonjwa unaweza kwenda kwa wiki au miezi: homa inakuja na kuondoka, mbwa anakonda, anatokwa damu puani, tumboni kuna madoa madogo mekundu. Umeandikwa sana hapa kwetu kiasi kwamba vitabu vya utabibu wa mifugo viliwahi kuuita ugonjwa wa kutokwa damu wa Nairobi. Dawa yake ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, kwa siku 28. Siku 28 maana yake ni siku 28. Mbwa huchangamka ndani ya siku mbili tatu, mwenye mbwa anaacha kumpa, na ugonjwa unabaki umejificha.

Babesia huingia ndani ya chembe nyekundu yenyewe na kuipasua. Zipo aina zaidi ya moja, na iliyo kali zaidi inapatikana katika Afrika kusini mwa Sahara. Mbwa anaweza kuwa mzima Jumatatu na kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi Alhamisi. Homa kali, fizi zinageuka, hawezi kuinuka. Doksisaiklini haimalizi babesia. Dawa yake ni sindano ya imidokabu, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaifahamu kwa ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Huchomwa mara mbili, tofauti ya wiki mbili. Inauma, na mbwa anaweza kutokwa na udenda mwingi na kutapika muda mfupi baadaye. Daktari mzoefu humchoma atropini kwanza kuzuia hayo. Nayo imidokabu, kwa upande wake, haitegemewi kwa erlikia.

Kwa hiyo ulinganisho ni huu: doksisaiklini ni rahisi, inapatikana kwenye duka la dawa za binadamu, hutolewa nyumbani, lakini inataka uvumilivu wa mwezi. Imidokabu ni ya mkono wa daktari na ni sindano mbili tu, lakini ukikosea kipimo kwa kuvuta tu kutoka chupa ya ng'ombe unaweza kumwua mbwa. Kioo kikionyesha babesia, huchagui, unachoma imidokabu. Kikionyesha yote mawili, mbwa anapata zote mbili. Kisipoonyesha kitu na dalili ni za erlikia, madaktari wengi huanza doksisaiklini huku wakifuatilia, nami naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu erlikia mara nyingi haionekani kwenye kioo.

Kuna chupa ya tatu kwenye duka la dawa za mifugo: diminazini, dawa ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Inaua babesia pia na bei yake ni ndogo. Kwa mbwa, umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ubongo ni mfupi sana. Ningeikubali mahali imidokabu haipatikani, au pale mbwa ametoka maeneo ya mbung'o na ameonekana kuwa na nagana kweli (jicho likigeuka la samawati yenye ukungu na uso kuvimba, fikiria hilo), na daktari awe amempima uzito kwa mizani, si kwa kukisia kwa macho.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hutajwa sana na wauzaji kama nyongeza. Ni dawa kuu pale kinga ya mwili inaposhambulia chembe nyekundu, lakini hiyo ni hukumu inayotolewa baada ya vimelea kutafutwa na kukosekana.

Paka si mbwa mdogo

Paka wetu hawapati babesia na erlikia kama mbwa. Kwao tafuta viroboto kwanza. Kisha kimelea anayeng'ang'ania juu ya chembe nyekundu, aitwaye mikoplazma, ambaye naye hutibiwa kwa doksisaiklini. Kidonge cha paka kisimezwe kikavu: kikikwama kooni huchoma na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula, kwa hiyo mfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Paka mtu mzima anayepigana nje usiku apimwe virusi vya lukemia ya paka. Mzee anayekunywa maji mengi apimwe figo kabla ya kitu kingine.

Halafu kuna sumu za nyumbani, na hapa tofauti ya mbwa na paka ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka. Ini lake haliwezi kukichuja, damu inageuka kahawia na haibebi tena hewa. Mbwa naye hudhurika, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za wote wawili, paka akiwa mwepesi zaidi kudhurika, na madhara huonekana siku kadhaa baada ya kula. Makombo ya pilau na mchuzi wa jana basi yasiwe chakula chao cha kila siku.

Kuongezewa damu

Damu ya kuongezwa haiponyi ugonjwa. Inanunua muda ili dawa ifanye kazi, kwa sababu uboho huhitaji siku 3 hadi 5 kabla chembe mpya hazijaanza kuonekana kwa wingi. Uamuzi hufuata hali ya mnyama zaidi ya namba. Mbwa aliyeshuka hadi asilimia 18 ndani ya siku mbili anaweza kuihitaji leo, ilhali paka aliyefika hapo kwa miezi mitatu anaweza kuwa bado anatembea na kula.

Kwa mbwa hili linawezekana kwenye kliniki nyingi za miji mikubwa, na kwenye hospitali za kufundishia kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, inafaa kuulizia. Mbwa hana kwa kawaida askari wa asili wakali dhidi ya damu ya mbwa mwingine, kwa hiyo mara ya kwanza huvuka salama mara nyingi hata kundi lisipojulikana. Mara ya pili, siku kadhaa baadaye, lazima damu zilinganishwe kwanza. Mtoaji anayefaa ni mbwa mtulivu, mwenye kilo zaidi ya 25, aliyechanjwa, na aliyepimwa magonjwa ya kupe. Huyo hutoa mililita 450, ujazo wa mfuko ule ule wa binadamu. Ukiwa na jirani mwenye mbwa wa aina hiyo, zungumza naye mapema, kabla ya usiku wa dharura.

Kwa paka, usikubali damu isiyopimwa. Paka wana makundi A, B na AB, na wale wa A na B huwa na askari wa asili dhidi ya kundi jingine hata kabla ya kuongezewa damu. Paka wa kundi B akitiwa damu ya kundi A anaweza kufa kwa kiasi kidogo sana. Mtoaji hutoa takriban mililita 50 tu, na mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa. Kama kliniki haina kipimo cha kundi wala njia ya kulinganisha damu, ningeweka nguvu kwenye oksijeni, utulivu na kutibu chanzo.

Kinga ya kupe: kuogesha, matone, kola au kidonge?

Kuogesha kwa amitrazi ndiyo njia ya bei ya chini zaidi, na kwa mbwa kadhaa wa boma inabaki kuwa chaguo la maana. Sharti lake ni kuchanganya kama lebo inavyosema, kuacha ikaukie mwilini, na kurudia mara kwa mara, jambo ambalo wengi huliacha mvua zikianza, na ndipo kupe wanapozidi. Isimguse paka, wala kitoto, wala mbwa mwenye kisukari.

Matone ya fipronili ya mgongoni hudumu kama mwezi na yapo ya mbwa na ya paka. Soma sanduku kwa makini, maana matone mengine ya mbwa yana pamethrini, na pamethrini humtikisa paka kwa degedege hadi kufa, hata akiwa amelala tu karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Vidonge vya kutafuna, NexGard na Simparica vya kila mwezi au Bravecto ya wiki 12, ndivyo vinavyofanya kazi kwa uhakika zaidi, havioshwi na maji, na watoto wanaweza kumshika mbwa bila wasiwasi. Udhaifu wake ni kwamba kupe lazima aume kwanza ndipo afe, na erlikia inaweza kupita ndani ya saa chache za kuuma. Babesia huhitaji muda mrefu zaidi, kwa hiyo huzuilika vizuri. Mbwa mwenye historia ya kifafa atafutiwe njia nyingine. Kola ya Seresto hudumu hadi miezi 8, huwafukuza na kuwaua kupe wengi kabla hawajauma, na ipo ya paka pia. Gharama yake huumiza siku ya kununua, lakini igawanye kwa miezi. Zile kola za bei rahisi za barabarani, zisizo na jina la dawa, sizipendekezi.

Mbwa mmoja wa mjini anayelala ndani: kidonge, au kola kama erlikia imewahi kuingia nyumba hiyo. Mbwa wanne wa ulinzi: amitrazi kwa ratiba iliyoandikwa ukutani. Nyumba yenye mbwa na paka: kola au fipronili, kila mmoja ya kwake. Na njia yoyote utakayochukua, banda nalo litibiwe. Kupe wa kahawia jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta, chini ya mabati na nyuma ya mbao, na watoto wake hupanda mbwa yule yule uliyemtibu. Ziba nyufa kwa saruji, puliza dawa ya kupe wakati wanyama wako nje, rudia baada ya wiki mbili tatu, na kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu.

Mgonjwa aliyeanza dawa arudishwe kwenye mrija ule ule baada ya wiki moja. Namba ikipanda, maliza siku zilizobaki. Isipopanda, mwambie daktari aanze upya kutafuta chanzo badala ya kuongeza dawa ile ile.